"Obstructive" na "obstructed": maana ya maneno haya kwenye karatasi ya hospitali, barabarani na uwanjani

Ujumbe mwingi unaoingia kwenye simu ya studio huuliza habari za mvua na bei ya mahindi. Lakini kuna ujumbe wa aina nyingine unaokuja na picha: karatasi ya hospitali iliyopigwa kwa simu, maandishi yamepinda, na chini yake swali moja tu, "Hapa wameandika nini?" Katika picha hizo neno moja limejirudia: "obstructive", au ndugu yake "obstructed". Hewani tulilijibu kwa dakika chache na hazikutosha. Kwa hiyo tumeona tuliandike, ili uweze kulisoma taratibu na hata kumsomea mwenzako.

Neno hili ni kivumishi, yaani neno linaloeleza jinsi kitu kilivyo, kama vile "-refu" au "-zito". Asili yake ni Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. Sehemu ya kwanza, "ob", ina maana ya mbele ya au dhidi ya. Sehemu ya pili inatoka kwenye "struere", yaani kupanga, kurundika, kujenga. Ukiziunganisha unapata picha ya mtu aliyejenga kitu katikati ya njia. Mfugaji yeyote ambaye amewahi kukuta ukuta umesimama kwenye njia ya ng'ombe ya kwenda mtoni anaielewa picha hiyo bila kamusi.

Shida ya kulitafsiri ni kwamba Kiswahili ni tajiri zaidi hapa kuliko Kiingereza. Mtaro unaziba. Gari linakwama. Mtu anazuiwa mlangoni. Hoja inapingwa kikaoni. Mwingereza anaweza kutumia neno hilo hilo moja kwa yote manne. Kwa hiyo mtu akikuambia "obstructive maana yake ni kuzuia", hajakudanganya, ila hajakuambia kitu. Swali linalofuata ndilo lenye faida: kimeziba nini, na ni njia gani iliyozibwa?

Tazama pia mwisho wa neno. Likiishia na "-ive", linasema kitu ndicho kinachoziba. Likiishia na "-ed", linasema kitu kimezibwa. Tofauti hiyo ni sawa na ya "mwenye kuzuia" na "aliyezuiwa". Kutamka, tia mkazo katikati: ob-STRAK-tiv. Ile "u" ya Kiingereza hapa husikika kama "a" fupi.

Uchungu uliozibwa njia

Tunaanza na "obstructed labour" kwa sababu hapa kuchelewa kuelewa kunaua. Neno "labour" kwa kawaida ni kazi, lakini hospitalini ni uchungu wa kuzaa. Wakunga wetu husema uchungu pingamizi. Maana yake ni kwamba mfuko wa uzazi unasukuma kwa nguvu zake zote, na mtoto hashuki, kwa kuwa kuna kitu kinachomzuia.

Mara nyingi kinachozuia ni mifupa ya nyonga. Kichwa cha mtoto ni kikubwa kuliko nafasi iliyopo, au nyonga ni ndogo. Nyonga huwa ndogo kwa msichana ambaye mwili wake bado unakua, au kwa mwanamke aliyedumaa utotoni kwa kukosa chakula cha kutosha. Wakati mwingine mtoto amelala kingamo, bega limetangulia. Katika hali zote hizo mama hana kosa, na wala si mvivu wa kusukuma. Tunalisema hili kwa sababu bado kuna wazee wanaomkalisha mama chini wakimtaka aungame alitembea na nani, eti ndipo mtoto atatoka. Mfupa hausikii maungamo, na saa zinazotumika kumhoji mama ni saa za kumfikisha kwenye upasuaji.

Jambo la pili ni dawa za mitishamba za kuongeza uchungu. Fikiria mlango uliofungwa kwa komeo, watu ishirini wakausukuma. Komeo lisipofunguka, kitakachovunjika ni fremu. Mfuko wa uzazi unaochochewa kusukuma dhidi ya njia iliyoziba unaweza kupasuka, na mama akavuja damu ndani kwa ndani bila mtu kuona tone. Hata dawa ya hospitali ya kuongeza uchungu ina hatari hiyo hiyo ikitumika mahali ambapo njia imeziba. Ndiyo maana hutolewa kwa kipimo na kwa uangalizi.

Mkunga anajuaje kwamba njia imeziba? Kwa kuandika. Mwaka 1972 madaktari wawili waliofanya kazi katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, Philpott na Castle, walitangaza karatasi yenye mistari miwili ya mshazari. Wa kwanza ni mstari wa tahadhari, na wa pili, uliowekwa saa nne mbele yake, ni mstari wa kuchukua hatua. Mkunga huweka alama kila anapopima jinsi mlango wa uzazi unavyofunguka. Alama zikivuka mstari wa kwanza, mama aliye kwenye zahanati anaanza safari ya kwenda penye upasuaji. Karatasi hiyo, inayoitwa patografu, ilibuniwa hasa kwa ajili ya vituo vya mbali ambako hakuna daktari, na kutoka hapo ikaenea duniani. Tunaona fahari kidogo kusema kwamba chombo hiki kilitoka Afrika. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa karatasi mpya iliyoacha ile hesabu ya kudai kila mama afunguke sentimita moja kwa saa, kwa kuwa kina mama wengi huenda taratibu zaidi ya hapo na hujifungua salama. Kazi ya kuandika na kutazama mwenendo imebaki vile vile.

Nyumbani hakuna patografu, lakini kuna saa kwenye simu. Mafunzo ya afya ya uzazi huhesabu uchungu uliozidi saa 12 kuwa dalili ya hatari. Kuna usemi wa zamani barani Afrika kwamba jua lisizame mara mbili juu ya mwanamke mwenye uchungu. Usemi ni mzuri, ila siku hizi hata jua kuzama mara moja ni kuchelewa, hasa ukijumlisha safari ya bodaboda na kungoja gari la wagonjwa. Damu ikitoka kwa wingi, mkono wa mtoto ukitangulia, au mama akipata homa au degedege, usihesabu saa kabisa. Ondokeni.

Mama akinusurika, huenda akabaki na jeraha linaloitwa fistula. Kichwa cha mtoto kikikaa kimebana kwa muda mrefu, nyama laini iliyo kati ya kichwa na mfupa hukosa damu na kufa. Baada ya siku chache hudondoka na kuacha tundu kati ya njia ya uzazi na kibofu cha mkojo, au kati ya njia ya uzazi na njia ya haja kubwa. Mkojo huanza kutoka wenyewe, mchana na usiku. Mara nyingi mtoto amefariki, na mama anarudi nyumbani akinuka. Waume wengine huondoka. Shirika la Umoja wa Mataifa la Idadi ya Watu, UNFPA, linakadiria kwamba wanawake na wasichana wapatao 500,000 duniani wanaishi na jeraha hili, na tarehe 23 Mei ya kila mwaka imewekwa na Umoja wa Mataifa kuwa siku ya kulitokomeza.

Fistula inatibika kwa upasuaji. Ikigunduliwa mapema, tundu dogo linaweza kujifunga lenyewe mama akiwekewa mpira wa mkojo kwa wiki kadhaa, kwa hiyo anayevuja mkojo siku chache baada ya kujifungua asikae nyumbani "kusubiri ikauke". Nchini Tanzania, hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam imekuwa ikitibu fistula bila malipo, na tangu mwaka 2009 imekuwa ikitumia M-Pesa kuwalipia nauli wanawake wanaotoka mikoani. Fedha hutumwa kwa mtu wa karibu na mgonjwa, ambaye humpandisha basi. Kwa wasikilizaji wetu walioko Kivu, hospitali ya Panzi mjini Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, inafahamika kwa kazi hiyo pia. Ikiwa hujui pa kuanzia, anza na muuguzi wa zahanati na umtajie neno "fistula". Analijua.

Na kabla hatujaondoka hapa, kuna jambo lililotupendeza tulipokuwa tukiandaa makala hii. Jeraha hilo kwa Kiingereza huitwa "obstetric fistula", na "obstetric" nayo inaanza na "ob" ile ile. Inatokana na jina la Kilatini la mkunga, "obstetrix", yaani mwanamke anayesimama mbele. Neno moja linasimama mbele ya mama kumziba njia, jingine linasimama mbele yake kumpokea mtoto.

Mapafu: hewa inaingia, kutoka ni kazi

Kwenye karatasi za watu wazima, hasa kina mama wa miaka hamsini na kuendelea waliopika kwa kuni maisha yao yote na wanaume waliovuta sigara, utakuta herufi nne: COPD. Ile O ndiyo "obstructive" yetu. Kwa pamoja zinasema ugonjwa sugu wa mapafu unaoziba njia za hewa. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani ugonjwa huu uliua watu milioni 3.5 mwaka 2021, na kati ya wanaokufa nao kabla ya kufika miaka 70, karibu 90 katika kila 100 wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Pamoja na hayo, vijijini wengi hawajawahi kuusikia kwa jina.

Kinachozibwa hapa ni vijinjia vidogo ndani ya pafu. Moshi wa miaka mingi huvifanya vivimbe, vijae makohozi na kulegea. Mgonjwa akivuta hewa, vinatanuka na hewa inaingia. Akiitoa, vinajifunga kabla haijaisha. Hewa ya zamani inabaki ndani na ile mpya inakosa nafasi. Ndiyo maana mtu wa namna hii husema "nimejaa kifuani", na mara nyingine utamwona akitoa pumzi kwa kubinya midomo kama anayepuliza moto. Anajisaidia bila kufundishwa.

Kipimo chake ni rahisi kueleza. Unavuta hewa mpaka mwisho, kisha unaipuliza kwa nguvu zote kwenye mashine. Kwa kawaida mtu mwenye mapafu mazima hutoa zaidi ya asilimia 70 ya hewa yote katika sekunde ya kwanza. Mwenye COPD hafikii hapo, hata baada ya kupewa dawa ya kupanua njia za hewa. Mwenye pumu naye njia zake huziba, ila kwa kawaida dawa ikimwingia hufunguka tena kwa kiasi kikubwa, na kati ya shambulio na shambulio anaweza kuwa mzima kabisa. Ukikuta "restrictive" badala ya "obstructive", si kosa la mwandishi. Hilo linasema pafu lenyewe limekakamaa na halitanuki vizuri, ingawa njia ziko wazi.

Mashine hizo si kila hospitali inazo, na hapo ndipo wagonjwa wengi hupotea. Kikohozi cha muda mrefu kwetu huitwa kifua kikuu moja kwa moja. Ni sahihi kupima makohozi kwanza, kwani kikohozi kilichopita wiki mbili lazima kipimwe kifua kikuu. Lakini majibu yakirudi kwamba hakuna vimelea, na mtu anaendelea kukohoa na kukosa pumzi akipanda kilima, aulize wazi: "Daktari, inaweza kuwa njia za hewa zimeziba?" Aeleze pia anapika kwa nini na kwa miaka mingapi. Aliyewahi kuugua kifua kikuu akapona aseme, kwa sababu makovu yake yanaweza kuleta ugonjwa huu.

Ugonjwa hauponi, ila unazuilika kuendelea. Kuacha sigara ndilo la kwanza. Dawa za kuvuta kwa mdomo, zile ambazo wengi huziita pampu, hupunguza dhiki. Kuhusu jiko, tusimwambie mama anunue gesi kesho kana kwamba bei haipo. Kuni zilizokauka hutoa moshi mchache kuliko mbichi. Dirisha la pili upande wa pili wa jiko hufanya moshi utoke. Mafiga yakihamia kibandani au chini ya mti, mapafu ya mama na ya mtoto aliye mgongoni hupata nafuu siku hiyo hiyo.

Njia nyingine za mwilini

"Intestinal obstruction" ni utumbo kuziba. Dalili zake ni tumbo kujaa na kuuma kwa mawimbi, kutapika, na kutopata choo wala kutoa hewa. Ni dharura ya siku hiyo hiyo. Ngiri iliyokuwa ikirudi ndani na sasa imekwama na kuuma ni sababu moja ya kawaida, utumbo kujisokota ni nyingine, na kwa watoto minyoo mirefu inayofanana na nyungunyungu ikiwa mingi inaweza kufungana na kuziba. Usimpe mtu wa namna hii dawa ya kuharisha. Ni lile komeo na mlango tena.

"Obstructive jaundice" ni manjano yanayotokana na kuziba kwa mrija wa nyongo, kwa jiwe au kwa uvimbe. Macho huwa ya njano kama katika homa ya ini, ila choo huwa cheupe kama udongo wa mfinyanzi, mkojo mweusi kama chai ya rangi, na ngozi huwasha sana. Hapa hitaji ni kipimo cha picha ya tumbo, na kuendelea kunywa dawa za kienyeji za ini ni kupoteza muda.

"Obstructive sleep apnoea" ni koo kujifunga usingizini. Mtu anakoroma, ghafla kimya, pumzi inasimama kwa sekunde kumi au zaidi, kisha anashtuka kama aliyekuwa anazama. Mchana anasinzia. Kama ni dereva, jambo hilo linawahusu na abiria wake.

Polisi, barabara na mpira

Nje ya hospitali neno hili hubadilika sura. Kwenye hati ya mashtaka, "obstruction" au "obstructing" mara nyingi ni kumzuia askari au ofisa wa serikali kutimiza kazi yake. Barabarani ni kuegesha gari, mkokoteni au meza ya biashara mahali ambapo wengine hawapiti. Ukisomewa shtaka lenye neno hili, una haki ya kuelezwa kwa lugha unayoielewa ulizuia nini hasa, wapi na kwa namna gani, kabla hujajibu kukubali au kukataa. Mahakamani kuna mkalimani kwa kazi hiyo. Tumesikia habari za watu waliotikisa kichwa kukubali shtaka wakidhani wanaulizwa kama wao ndio wenye jina lililosomwa.

Mtu naye anaweza kuitwa "obstructive". Hapo si mgonjwa wala mshtakiwa, ni mkwamishaji: yule karani ambaye faili lako kila siku halionekani, au mjumbe anayeongeza hoja ili kikao kivunjike. Bunge la Uingereza lenyewe lilipata kuwaona. Mwaka 1881 wabunge wa Ireland waliokuwa chini ya Charles Stewart Parnell walizungumza kwa zamu kuzuia muswada, na kikao kikaenda saa 41 mfululizo mpaka Spika akakikata. Baada ya hapo ndipo Waingereza walipoweka kanuni ya kufunga mjadala.

Wapenzi wa mpira nao walilijua neno hili kabla yetu. Watangazaji wa zamani walisema "obstruction" mchezaji aliposimama mbele ya mwenzake bila nia ya kucheza mpira. Sheria ya sasa imeacha neno hilo, lakini kosa lipo. Ukimkinga mpinzani njia bila kumgusa, mpira ukiwa mbali nawe, ni adhabu isiyopigwa moja kwa moja golini. Ukimgusa, ni ya moja kwa moja. Ila ukiukinga mpira uliopo karibu na mguu wako, hakuna kosa, hata mpinzani akilalamika vipi.

Mwisho, kuhusu zile picha mnazotutumia. Maandishi ya daktari yakifupishwa kuwa "obs", usikimbilie kudhani kuna kitu kimeziba. Mara nyingi ni "observation", yaani mgonjwa awekwe chini ya uangalizi na apimwe mara kwa mara, na kwenye kliniki ya wajawazito ni "obstetrics", idara ya uzazi tu. Na kama neno linaanza na "d", soma tena kwa makini: "destructive" limetoka kwenye mzizi ule ule wa kujenga, ila lenyewe ni la kubomoa.